Kuvua ukiwa kando ya maji: ndoano itupwe umbali gani?

Kila asubuhi mapema, kati ya Uvira na Baraka, na tena kule chini Kalemie na Moba, kuko watu wanaosimama kando ya ziwa Tanganyika wakiwa na kamba, ndoano na kopo la minyoo. Hawana pirogi, hawana wavu, hawana taa. Wanategemea mkono wao. Wengi wao wana imani moja: samaki mkubwa yuko mbali, na anayetupa mbali ndiye anayekula. Juu ya imani hiyo mtu huanza kusogea. Anaingia maji ya magoti, kiisha ya kiuno, kiisha ya kifua, ili aongeze meta chache tu. Hapo ndipo shida inaanza, sababu maji ya kiuno na ya kifua ndiyo fasi mamba anapata nafasi nzuri ya kumshika mtu.

Umbali wa kutupa ndoano una maana, hilo si uongo. Lakini una maana fasi fulani na saa fulani, na kuna njia ya kuupata miguu ikiwa imebaki kwenye mchanga mkavu.

Ufundi uliokomaa baharini

Kusimama ufukoni na kutupa ndoano kupita mawimbi ni ufundi uliokomaa kando ya bahari: Afrika Kusini, Namibia, Uingereza, Marekani, Australia. Congo yenyewe iko na kipande kifupi cha bahari, kilometa 40 hivi, kule Muanda katika Kongo ya Kati. Mtu wa Uvira ana safari ndefu sana ya kufika huko, lakini mambo ambayo wavuvi wa bahari wamejifunza yanaweza kumsaidia hata yeye.

Baharini wimbi linapokuja kutoka mbali linatembea bila kelele. Likifika fasi ambapo kina kinapungua, linavunjika na kutoa povu. Chini ya povu hilo mara nyingi kuna mgongo wa mchanga. Nyuma ya mgongo, upande wa ufuko, kuna mfereji wenye maji ya kina zaidi. Mawimbi yakichimba mchanga yanafunua kaa wadogo, konokono na minyoo, na vyote vinaangukia kwenye mfereji. Samaki wanajua. Wanapita ndani ya mfereji kama watu wanaopita barabara ya soko.

Kwa hiyo mvuvi wa bahari, kabla ya kutupa, anasimama kwanza na kuangalia. Povu jeupe ni mgongo. Maji ya rangi nzito yasiyovunjika ni mfereji. Siku moja mfereji uko meta 20 tu kutoka miguuni mwake. Siku nyingine uko meta 90. Umbali unaofaa ni ule unaofikisha chambo ndani ya mfereji, si zaidi. Kosa ambalo wazee wa kazi hii wanalikemea kila siku kwa vijana ni kutupa juu ya vichwa vya samaki: risasi inaanguka mbali sana, jangwani, wakati samaki wako karibu wanakula.

Vyombo vyao vilibadilika polepole. Zamani kamba zilikuwa za kitani na pamba. Kila baada ya kuvua zilianikwa, la sivyo zilioza. Mwaka 1905 Mwingereza Alfred Holden Illingworth alipata hati ya ugunduzi wa mulineti ambayo kikombe chake cha kamba hakizunguki wakati wa kutupa. Kamba inateleza yenyewe kupita ukingoni. Mwaka 1935 nailoni iligunduliwa Marekani, na baadaye ikawa kamba nyembamba, laini, isiyooza. Vitu hivyo viwili vikikutana na fimbo ndefu ya meta 3,60 hadi 4,20 na risasi ya gramu 100 hadi 175, mtu wa kawaida anaweza kufikisha chambo meta 60 hadi 100. Wako wanaoshindana kutupa tu, kwenye uwanja wa majani, bila ndoano wala chambo, na hao hupita meta 200. Lakini huo ni mchezo wa uwanjani. Kwenye maji, na kipande cha samaki kwenye ndoano, hesabu ni nyingine.

Tanganyika si bahari

Ziwa Tanganyika ni refu, kilometa karibu 670 kutoka kaskazini hadi kusini, na kina chake kinafika meta 1470. Limelala ndani ya Bonde la Ufa, kati ya milima. Upande wa Congo, fasi nyingi milima inashuka moja kwa moja ndani ya maji. Mtu akisimama juu ya jiwe, hatua tatu mbele yake hakuna chini panapoonekana.

Hapa ndipo hesabu ya umbali inapogeuka. Tuseme mteremko unashuka meta 1 kwa kila meta 3 za kwenda mbele. Risasi ikianguka meta 30 kutoka ufukoni, itashuka hadi meta 10 za kina. Ikianguka meta 60, itashuka hadi meta 20. Ikianguka meta 120, itakuwa kwenye meta 40, gizani, mbali na mawe yenye majani ya maji na wadudu. Samaki wengi wa mawe wa Tanganyika, wale wa jamii za rangi nyingi ambao zaidi ya aina 200 zinajulikana na karibu zote haziko fasi nyingine duniani, wanaishi karibu na ukingo, kwenye maji ambayo jua bado linafika. Kwa mvuvi wa mawe, basi, meta 10 hadi 30 zinatosha. Anayetupa zaidi anapoteza kamba, na mara nyingi anapoteza ndoano pia, sababu kadiri kamba inavyolala juu ya mawe mengi ndivyo inavyonasa.

Na samaki wa katikati? Ndakala na mukeke, wale wanaojaza soko, wanaishi maji ya wazi na wanafuatwa usiku kwa pirogi na taa. Hakuna mkono wa mtu unaoweza kuwafikia kutoka mchangani, isipokuwa siku ambazo wao wenyewe wamesogea karibu. Kumbe yule kijana anayeingia maji ya kifua ili awakaribie mukeke kwa meta 10 anafanya kazi bure. Mukeke yuko kilometa, si meta.

Fasi ambapo umbali unasaidia kweli ni kwenye mchanga wa mteremko mpole: karibu na milango ya mito, kama Ruzizi kule kaskazini na Mutambala upande wa Baraka, na kwenye ghuba za mchanga. Hapo maji ya magoti yanaweza kuendelea mbali kabla ya kushuka. Kuna ukingo, kama ngazi, ambapo mchanga mpole unaisha na kina kinaanza. Samaki wakubwa wanapita kwenye ukingo huo, nje kidogo, na wanapanda juu kula saa ambazo kuna kivuli: alfajiri na magharibi. Mtu akijua ukingo uko wapi, amejua umbali wake. Ukingo ukiwa meta 40, atupe meta 45. Akitupa 25, chambo chake kitalala kwenye mchanga mweupe ambapo kuna watoto wa samaki tu.

Kuupata ukingo hakuhitaji mashine. Siku maji yametulia na jua liko juu, panda fasi ya juu na angalia rangi: rangi ya mchanga, kiisha kijani, kiisha buluu nzito. Pale kijani inapogeuka buluu ndipo penyewe. Siku za upepo, hasa kati ya Mei na Septemba wakati upepo wa kusini unaposukuma mawimbi makubwa, angalia mstari ambapo wimbi linaanza kuinuka. Njia nyingine ni kutupa risasi tupu bila ndoano na kuhesabu: moja, mbili, tatu, mpaka kamba ilegee. Tupa karibu, tupa mbali kidogo, tupa mbali zaidi. Hesabu ikiruka ghafla kutoka tatu hadi nane, ukingo umepatikana. Funga uzi wa rangi kwenye kamba hapo kwenye kipimo hicho, na kesho hutakuwa na haja ya kubahatisha.

Bei ya kuingia majini

Mamba wa ziwa hili hafukuzi mtu mchangani. Kazi yake ni kungoja. Anajifunza desturi: fasi watu wanapoteka maji, saa wanapooga, jiwe ambalo mvuvi yule yule anasimama kila asubuhi. Anakuja chini ya maji, na mtu hamwoni mpaka mwisho. Wakaaji wa upande wa kaskazini, kutoka delta ya Ruzizi hadi ufuko wa Burundi, wanakumbuka habari za mamba mkubwa aliyeitwa Gustave, ambaye sifa yake ilifika hata kwenye sinema za ng'ambo. Lakini si lazima mamba awe na jina ili aue. Mtu aliyesimama ndani ya maji ya kiuno, macho yakiwa mbele kwenye kamba, ni rahisi kushikwa kuliko mbuzi anayekunywa pembeni.

Kiboko ana njia nyingine. Usiku anatoka kula majani, na kabla ya jua anarudi majini. Anayemkuta mtu kati yake na maji anampita kwa nguvu. Mvuvi wa alfajiri aangalie kwanza nyayo na njia zilizolala kwenye matete kabla ya kuchagua fasi ya kusimama.

Na kuna adui mdogo asiyeonekana, ule ugonjwa wa bilharziozi, kichocho. Wadudu wake wanatoka kwenye konokono wa maji ya karibu, wanaogelea, wanapenya ngozi nzima bila kidonda. Wanatoka kwa wingi jua likiwa kali. Mtu anayesimama saa mbili kwenye maji ya mapaja kila siku anawapa muda wa kutosha. Dawa ipo hospitalini, praziquantel, lakini anayerudi majini kesho yake anaweza kuupata tena.

Sasa linganisha. Mtu akiingia hatua kumi anaongeza, tuseme, meta 7. Lakini ndani ya maji ya kiuno hawezi kuzungusha mwili wala kupiga hatua. Risasi inayoning'inia inagusa maji. Mkono unatupa kutoka chini. Mara nyingi anapoteza kwa mkono zile meta 7 alizopata kwa miguu. Amebadilisha usalama wake kwa sifuri.

Namna ya kuongeza meta bila kulowa

Jambo la kwanza ni unene wa kamba. Watu wengi wanapenda kamba nene wakisema ina nguvu. Kweli ina nguvu, lakini hewa inaishika, na uzito wake unaivuta risasi nyuma. Kamba ya milimita 0,60 ina ujazo mara nne ya ile ya milimita 0,30. Anayeshuka hadi 0,35 anaongeza meta nyingi bila kubadilisha kitu kingine chochote. Kamba hiyo bado inatosha kwa samaki wa kilo kadhaa kama hana haraka ya kumvuta.

Lakini kamba nyembamba ikitupwa kwa nguvu na risasi nzito inaweza kukatika hewani, na risasi iliyokatika inaruka kama ile ya bunduki. Juu ya hiyo wavuvi wa bahari wanafunga mbele kipande cha kamba nene, chenye urefu wa kutosha kuzunguka kikombe mara kadhaa na kufika kwenye risasi. Kipimo chao ni rahisi: kila gramu 30 za risasi, nguvu ya kilo 5. Risasi ya gramu 60, kipande cha kilo 10. Risasi ya gramu 150, kilo 25. Kipande hicho kinabeba mshituko wa kutupa. Kamba nyembamba inafuata nyuma tu. Asiye na kipande hicho asitupe kwa nguvu fasi kuko watoto, na kando ya maziwa yetu watoto hawakosekani.

Asiye na mulineti anaweza kutumia chupa au kopo. Kamba inazungushwa vizuri, bila kupandana, karibu na mwisho wa chupa. Wakati wa kutupa, mkono mmoja unashika shingo ya chupa, kitako kikielekea ziwani. Mkono wa pili unazungusha risasi kwa urefu wa meta moja hivi, pembeni ya mwili, kutoka chini kwenda juu, na kuachia. Kamba inateleza ikipita kitako cha chupa, kama vile inavyoteleza kwenye mulineti ya Illingworth. Ni kanuni ile ile kwa bei ya chupa tupu. Kamba iliyomwagwa chini kwenye mchanga, yenye vijiti na majani, haiwezi kufika mbali; itajifunga fundo kabla ya kuondoka.

Mwenye mulineti aangalie kikombe. Kikiwa kimejaa nusu, kamba inasugua ukingo na meta zinapotea. Kijazwe mpaka zibaki milimita 2 au 3. Kikijazwa kupita hapo, kamba inatoka kwa mafungu na kufanya kichaka.

Uzito nao una mpaka. Risasi nyepesi sana inasimamishwa na hewa. Nzito sana inashinda mkono au fimbo. Kwa kamba ya mkono, gramu 40 hadi 80 ni kiasi kizuri. Wengi hawana risasi za duka, wanatumia jiwe, buluni ya gari, hata buji ya zamani ya motokari. Buji na buluni zinafaa, hazina shida. Jambo baya ni kuyeyusha risasi ya betri ya gari jikoni ili kutengeneza uzito. Moshi na vumbi lake vinaingia ndani ya damu, na mtoto mdogo ndiye anayeumia zaidi, kichwa chake kinachelewa kukua. Kama kuko fundi anayeyeyusha, afanye mbali na nyumba, mbali na sahani na watoto, na nguo za kazi zisichanganywe na za familia.

Upepo unaweza kuongeza au kuiba zaidi ya mambo yote yaliyotajwa. Kando ya Tanganyika, usiku na alfajiri hewa baridi inashuka kutoka milimani kwenda ziwani. Mchana inageuka na kutoka ziwani. Mtu anayetupa saa kumi na mbili asubuhi ana upepo mgongoni, na risasi inabebwa. Saa nane mchana anatupa kwenye uso wa upepo. Akilazimika kutupa mchana, atupe chini zaidi, risasi ipite karibu na maji, asiiache ipande juu ambapo upepo utatengeneza tumbo la kamba. Kwenye upepo mzuri wa nyuma, aachie juu kidogo chini ya nusu ya pembe mraba.

Mwili pia. Nguvu haitoki begani peke yake. Miguu iachane, uzito uanzie mguu wa nyuma, mwili ugeuke, mkono uje mwisho. Polepole kwanza, kiisha haraka mwishoni. Kijana anayerusha kwa hasira tangu mwanzo anashindwa na mama mzee anayejua kuachia kwa saa yake. Na kidole kivalishwe kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli. Kamba ya 0,35 inakata nyama kama wembe.

Kitu umbali unachoiba

Kila meta inayoongezwa ina gharama yake, na hili halisemwi sana kando ya maji. Nailoni inavutika. Kamba ikiwa nje meta 20, samaki akigusa, kidole kinasikia. Ikiwa meta 90, mvuto ule unamezwa na kamba yenyewe, na mvuvi akivuta ili ndoano ishike, mdomoni mwa samaki kunafika nguvu kidogo tu. Ndoano kubwa isiyo kali kwa umbali huo haifai kitu. Inoe kwa jiwe laini kabla ya kwenda.

Chambo nacho. Fufu iliyofinyangwa ni chambo kizuri cha tilapia, lakini ikitupwa kwa nguvu inabaki hewani, ndoano inafika tupu, na mtu anakaa nusu saa akingojea samaki wa ndoano isiyo na chakula. Mnyoo pia unapasuka. Anayetaka kutupa mbali afunge chambo kwa uzi mwembamba, au atumie kipande cha ndakala chenye ngozi, kilichokaushwa kidogo juani ili kishikane. Kwa fufu, atupe karibu, kwa upole, kutoka chini ya mkono.

Halafu kuna muda. Kuvuta meta 80 za kamba kwa mkono, kuangalia chambo, kuzungusha tena kwenye chupa bila fundo, kunakula dakika. Yule wa meta 20 amekwisha kurusha mara nyingi zaidi, na amejaribu fasi nyingi zaidi. Siku ambayo hakuna anayejua samaki wako wapi, yeye ndiye mwenye bahati kubwa. Kwa hiyo utaratibu mzuri ni kuanza karibu: mara chache meta 10, mara chache meta 20, kiisha 40. Anayeanza na ile ya mbali kabisa anawatisha wa karibu kwa kuvuta risasi juu ya vichwa vyao.

Kuna pia samaki wa karibu ambao ni bora kuwaacha. Kuhe, mkubwa kuliko wote wa jamii yake duniani, anakuja kulea watoto wake kwenye maji ya karibu. Baba na mama wote wawili wanalinda kundi la vifaranga. Wakati huo wanashambulia chochote kinachosogea, na kuwavuta ni rahisi mno. Wakitolewa wazazi, vifaranga wote wanaliwa siku hiyo hiyo. Sangala wachanga nao wanakulia kwenye majani ya ukingoni. Ndoano ndogo ikileta watoto tupu, mara ya pili na ya tatu, ni ishara ya kuhama au kutupa mbele zaidi. Hapa umbali unasaidia hata ziwa lenyewe. Chandarua cha mbu kinachokokotwa ufukoni hakiwezi kuchagua namna hiyo.

Kivu, Edward na Albert

Ziwa Kivu ni hadithi nyingine. Linajulikana kama ziwa lisilo na mamba, kwa hiyo watu wanaingia majini bila hofu. Kina chake kinafika meta 485, lakini chini ya meta 60 hivi hakuna hewa ya kutosha samaki kuishi. Maji ya chini yamejaa gesi. Sambaza, waliotolewa Tanganyika na kupandikizwa huko mwishoni mwa miaka ya 1950, wanakaa maji ya juu, mbali na ukingo, na wanavuliwa usiku. Kwa anayesimama kwenye mawe ya Goma au Bukavu, samaki wa ndoano wako karibu, na risasi nzito inayotupwa mbali inazama tu kwenye mteremko. Hatari ya huko iko kwenye hewa: mazuku. Kaskazini mwa ziwa, upande wa Goma na Sake, gesi nzito inatoka ardhini na kujaa kwenye mashimo, hasa usiku na asubuhi wakati hakuna upepo. Haionekani. Mvuvi anayechuchumaa ndani ya shimo la mawe ili ajikinge na baridi anaweza kulala moja kwa moja. Akikuta wadudu, panya au ndege wamekufa fasi moja, aondoke, na asimame juu, si chini.

Ziwa Albert, upande wa tambarare ya Tchomia na Kasenyi katika Ituri, lina kina kidogo na mchanga wa mteremko mpole. Huko fimbo ndefu na kamba nyembamba zinapata kazi yake halisi, na kapiteni mkubwa anaweza kusogea karibu usiku. Lakini mamba na viboko wako pia. Ziwa Edward liko ndani ya hifadhi ya Virunga, na kuvua huko kuna sheria zake. Wa Vitshumbi na Kyavinyonge wanazijua, mgeni aulize kabla ya kufungua kamba.

Kwenye Tanganyika pia kuna jambo la kuuliza. Nchi za ziwa zimeanza kufunga uvuvi kwa miezi fulani ili samaki wapumzike; mwaka 2024 Tanzania ilifunga kutoka 15 Mei hadi 15 Agosti. Mtu wa ndoano ya mkono aulize ofisi ya uvuvi ya kwake kama naye anahusika, sababu kuona jirani akivua si ruhusa.

Mwisho, maji yenyewe yamehama. Kati ya 2020 na 2024 ziwa Tanganyika lilipanda sana, nyumba na barabara zikazama Uvira, Kalemie na Bujumbura. Fasi ambayo leo inaonekana ni maji matupu inaweza kuwa na ukuta, vyuma vya nyumba, shina la muembe au nguzo. Kamba iliyotupwa hapo inanasa, na mtu anashawishika kuingia ili aitoe. Ndoano ina bei ndogo. Zungusha kamba kwenye kijiti, si mkononi, geuza uso pembeni, vuta mpaka ikatike, na funga nyingine.